Taa za Mtambo Ziko Sawa, Lakini Pesa Imefika?

Mama anayeuza nyanya soko la Wakulima hahitaji kujua seva ni nini. Mnunuzi amesimama mbele yake, mfuko umeshafungwa, anasema "nimetuma." Mama anataka kujua jambo moja tu: pesa imeingia ama haijaingia?

Wahandisi wa kampuni ya malipo, huko walipo, wanaangalia skrini zenye maswali mengine kabisa. Seva ziko hewani? Diski imejaa kiasi gani? Maombi mangapi yameingia sekunde hii? Ni maswali ya maana, na bila majibu yake hakuna huduma. Shida ni kwamba kila taa kwenye skrini hiyo inaweza kuwa ya kijani huku mama wa nyanya bado anakodolea simu macho.

Msimamo wetu ni huu: kazi ya kuangalia afya ya mifumo ya malipo ianze na swali la huyo mama, na jibu alione yeye mwenyewe, asiachiwe mhandisi peke yake. Tunaona pia kwamba watu wanaofaa kuisukuma kazi hii ni wanafunzi wa kompyuta wa vyuo vyetu, wale ambao kila mwaka huzunguka wakitafuta mradi wa mwaka wa mwisho, na wengine wao huishia kutengeneza mfumo mwingine tena wa maktaba ama wa vyumba vya hosteli.

Wazo hili si geni. Moja kati ya programu za mwanzo kabisa za kuangalia mashine kupitia mtandao ilitengenezwa na wanafunzi, na ilihusu soda.

Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kiko Pittsburgh, Marekani. Idara yake ya kompyuta ilikuwa na mashine ya kuuza Coca-Cola, orofa ya tatu ya jengo la Wean Hall. Idara ilipopanuka, ofisi za watu zikasogea mbali na mashine. Ukitaka soda unafunga safari, unashuka ngazi, unafika, unakuta mashine tupu. Ama inakuwa mbaya zaidi: mashine imejazwa muda mfupi uliopita, unalipa, na chupa inatoka ikiwa moto. (Hapa kwetu mwenye duka hukuuliza "baridi ama moto?" na kuna watu huitisha ya moto bila wasiwasi. Kwa wale wa Pittsburgh hiyo ilikuwa hasara tupu.)

Mwaka wa 1982 David Nichols, mwanafunzi wa shahada ya juu, alichoshwa na safari hizo. Akaungana na wenzake Mike Kazar na Ivor Durham, pamoja na fundi wa idara, John Zsarnay. Kwa jinsi Nichols alivyokuja kusimulia, hawakuwa na njia ya kuona ndani ya mashine. Walichoweza kusoma ni taa. Mashine ilikuwa na safu sita za chupa, na kila safu ilikuwa na taa ndogo nyekundu. Mtu akinunua, taa ya safu hiyo inawaka sekunde chache kisha inazima. Safu ikiisha, taa inabaki imewaka mpaka ijazwe tena.

Wakavuta waya kutoka kwa taa hizo hadi kwa kompyuta kuu ya idara, na programu ikawa inazichungulia mara kadhaa kila sekunde. Taa ikiwaka na kuzima upesi, programu inajua chupa moja imeuzwa. Ikipita sekunde tano bado inawaka, safu imeisha. Ikizima baada ya hapo, safu imejazwa, na programu inaanza kuhesabu. Zikipita saa tatu, chupa zinahesabiwa kuwa baridi. Mtu akiwa ofisini kwake, ama hata mbali sana lakini ameunganishwa na ARPANET, ule mtandao uliotangulia intaneti, aliandika amri fupi tu na kupata jibu: safu gani ina soda, na soda hiyo imekaa ndani muda gani.

Angalia walichochagua kujibu. Mwenye kampuni ya soda angetaka kujua chupa ngapi zimeuzwa. Fundi wa mashine angetaka kujua kama mtambo wa kupoza unafanya kazi. Hawa walikuwa wanunuzi, na miguu iliyochoka ilikuwa yao, kwa hivyo kifaa chao kilijibu swali la mnunuzi: nikishuka sasa hivi, nitapata soda, na itakuwa baridi? Mwaka wa 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walielekeza kamera kwa birika la kahawa kwa sababu ile ile. Kazi nzuri ya aina hii mara nyingi huanza na mtu aliyechoka kwenda kuangalia mwenyewe.

Sasa turudi kwa simu yako, maana hapo ndipo kuna fundisho linalogusa pesa.

Wale wanafunzi walijua kwamba taa si soda. Taa ni habari ya soda, na habari inaweza kuchelewa ama kupotosha. Kwa malipo ya simu ni hivyo hivyo: meseji si pesa. Ukituma, mambo mawili hutokea na wengi wetu huyachukua kama moja. La kwanza ni daftari: mfumo unapunguza salio lako na kuongeza la mwenzako. La pili ni habari: mfumo unawaandikia nyinyi wawili meseji. Daftari na meseji hazipiti njia moja. Daftari linaweza kukamilika kwa sekunde mbili, halafu meseji ikakwama kwenye foleni ya mtandao wa simu kwa dakika kumi. Simu ya mpokeaji ikiwa imezimwa, ama yuko mahali hakuna mnara, meseji inamngoja, lakini pesa tayari iko kwake.

Kisha kuna ile sentensi ambayo imewatia watu wengi hasara kuliko inavyostahili: ombi lako limechukua muda mrefu, jaribu tena baadaye. Wengi wanaisoma kama "pesa haijaenda." Haisemi hivyo. Inasema tu kwamba simu yako iliuliza, ikangoja sekunde ilizopangiwa, haikusikia kitu, ikachoka kungoja. Wanafunzi wa Pittsburgh walipanga sekunde tano na kusema safu imeisha. Kwa soda, ukikosea, hakuna kubwa lililoharibika. Kwa pesa, ukimya una maana mbili zilizo mbali sana. Pengine ombi halikufika kabisa. Pengine lilifika, pesa ikatoka, na jibu ndilo lililopotea njiani likirudi. Ukiwa umeshika simu huwezi kutofautisha. Hata programu iliyo ndani ya simu yako haiwezi kutofautisha mpaka iulize tena.

Ndiyo maana hatuchoki kusema: ukipata ukimya, usitume tena kwanza. Angalia salio, ama fungua taarifa ya akaunti. Salio na taarifa husomwa kutoka kwa daftari lenyewe, si kutoka kwa foleni ya meseji. Mifumo iliyopangwa vizuri huipa kila kazi namba yake ya kipekee, ili ombi likirudiwa na mtambo wenyewe lisihesabiwe mara mbili. Lakini wewe ukianza upya kwa menyu, kwa mfumo hiyo ni kazi mpya yenye namba mpya, hata kama kiasi ni kile kile na mtu ni yule yule. Mfumo utajuaje kwamba unarudia? Pengine kweli unamtumia kaka yako elfu mbili mara mbili: moja ya karo, moja ya mbolea.

Kwa anayeuza, kinyume chake ndicho cha kuangalia. Mashine ya Pittsburgh haikuwa na mtu wa kuwasha taa kwa ulaghai. Meseji zetu zinaye. Anayekuonyesha simu yake kwamba "imetoka" amekuonyesha taa tu. Hata meseji iliyoingia kwa simu yako inaweza kuwa imeandikwa na mtu aliyekaa hapo nje kwa bodaboda. Angalia salio lako kabla mfuko haujaondoka. Mnunuzi mwaminifu atangoja sekunde hizo. Na asiyeweza kungoja, wewe mwenyewe umeshajijibu.

Siku ambayo huduma imekwama kweli, matapeli ndio hufurahi kuliko wote. Wanajua kila mtu ana wasiwasi. Simu inalia: "Habari, ni huduma kwa wateja, tunarekebisha miamala iliyokwama, nisomee namba iliyoingia kwa simu yako." Mtu ambaye jana angekata simu hiyo, leo anasikiliza, kwa sababu kweli ana muamala uliokwama. Tapeli anakula kwa sababu mteja hana mahali pengine pa kupata habari. Mteja angekuwa na mahali pa kuangalia mwenyewe na kuona kwamba huduma ya kutuma imechelewa tangu saa kumi na moja, na kwamba inafanyiwa kazi, ile simu ingekosa nguvu.

Hapa ndipo tunapotofautiana na baadhi ya wenzetu katika sekta hii. Wako wanaoona kwamba kuonyesha hali ya mfumo hadharani ni kujianika: washindani watacheka, magazeti yataandika, matapeli watajua wakati wa kushambulia. Hoja ya matapeli haisimami, maana wao wana simu kama sisi. Wanajua huduma imekwama dakika ile ile inapokwama. Na mama wa nyanya naye anajua. Asichojua ni kama tatizo ni lake, la laini yake, la mnara wa mtaa wake, ama la kampuni. Julai 2023 eCitizen iliposhambuliwa kwa kufurikishwa maombi bandia, mwananchi aliyekuwa akitafuta huduma zake hakuwa na njia ya kutofautisha shambulio na foleni ya kawaida ama bando lake lililoisha. Kwake yote yalikuwa skrini isiyofunguka.

Sisi tunaonyesha hali ya huduma kwenye menyu ya simu ya kawaida, kila huduma kivyake: kutuma, kutoa kwa wakala, kulipa kwa till, kununua tokeni za stima. Kando ya kila moja kuna saa ilipoangaliwa mara ya mwisho. Hiyo saa tuliipigania sana, kwa sababu neno "sawa" lisilo na saa halina kazi. Sawa ya lini? Soda iliyokuwa baridi asubuhi huenda imeisha saa sita mchana.

Lakini hiyo bado ni kampuni kujiangalia yenyewe, na inayojiangalia yenyewe huchagua kipimo. Chukua ile namba ambayo kila mtu hujivunia, asilimia 99.9. Inasikika kama mia kwa mia. Kwa mwezi wa siku 30 inaacha dakika 43 ambazo huduma inaweza kuwa imelala, na namba yenyewe haisemi ni dakika zipi. Zikiwa saa tisa usiku Jumanne, ni mlinzi mmoja wa usiku atakayegundua. Zikiwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi na mbili jioni, zimewakuta watu wakiwa kituo cha matatu, kwa wakala, kaunta ya duka la dawa. Asilimia ni ile ile kabisa.

Wastani nao una ujanja wake. Tuseme miamala 100 imepita. Miamala 95 imechukua sekunde 3 kila mmoja, na mitano imechukua dakika 4. Ukipiga hesabu, wastani ni kama sekunde 15. Ripoti itasema sekunde 15, mkubwa atatikisa kichwa, mambo yako poa. Lakini katika watu hao 100 hakuna hata mmoja aliyengoja sekunde 15. Wengi hawakuhisi kitu, na watano waliaibika mbele ya konda. Ukitaka kujua hali ya huduma, usiulize wastani. Uliza yule wa mwisho kwenye foleni alingoja kiasi gani.

Hesabu kama hizi ni kazi ambayo timu ya wanafunzi wanne, wenye simu chache za bei rahisi, inaweza kuifanya vizuri kuliko idara nzima ya kampuni. Mmoja yuko chuoni Nairobi. Mwingine kwao ni Lodwar, mwingine Lamu, mwingine Kisii. Kila mmoja anaacha nyumbani simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, na programu ndogo inayotuma shilingi chache kwa mwenzake kila baada ya muda fulani na kuandika saa tatu: saa ya kubonyeza, saa ambayo salio lilibadilika, na saa ambayo meseji iliingia. Pesa zinazunguka kati yao, hazipotei, isipokuwa ada ya kutuma kama ipo. Saa ya pili ikichelewa, shida iko kwa daftari. Saa ya pili ikiwa nzuri na ya tatu imechelewa, shida iko kwa meseji. Lodwar pekee ikichelewa na Kisii iko sawa, pengine ni mnara. Wote wanne wakikwama kwa pamoja, hapo kampuni isianze kumwambia mteja azime simu na kuiwasha.

Hakuna kitu hapo kinachohitaji kuingia ndani ya mfumo wa mtu, na tunasisitiza hilo. Sheria ya mwaka wa 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta haitanii na mtu anayeingia mfumo bila ruhusa, hata akisema alikuwa anafanya mradi wa shule. Usijaribu milango ya seva ambazo si zako. Usitumie laini ya shangazi wala namba yake ya siri. Na usikusanye majina na namba za watu wengine; sheria ya kulinda data ya 2019 inamhusu mwanafunzi kama inavyoihusu benki. Uzuri wa kupima kutoka nje ni kwamba wewe ni mteja tu, kama wale wa Pittsburgh walivyokuwa wanunuzi tu wa soda.

Mhadhiri mmoja aliwahi kutuuliza kama mradi wa namna hiyo una ugumu wa kutosha kupata alama. Tunaelewa swali lake, maana ukiutazama juu juu ni saa tatu na jedwali. Lakini hebu ujaribu. Saa za simu nne hazikubaliani zenyewe, kwa hivyo lazima uzilinganishe kabla ya kulaumu mtu. Umeme ukipotea Lamu, kifaa chako kimekufa. Je, utaandika kwamba huduma ya malipo imekufa? Meseji ikikosa kufika kabisa, utangoja muda gani kabla ya kusema haitafika: dakika tano, saa moja, kesho? Na ukipiga kengele kila mara sekunde zikizidi kidogo, baada ya wiki moja hakuna atakayeisikiliza. Ukingoja uhakika kamili, watu wameshatuma mara mbili. Mtu aliyekaa na maswali hayo miezi sita, akaandika kwa nini alichagua dakika tano na si kumi, anajua kazi. Huyo tungemkalisha na wahandisi wetu kesho asubuhi.

Kwa upande wa kampuni, kuna mambo mawili tunayoona ni haki wanafunzi wayapate, na hatuoni kwa nini yabishaniwe. La kwanza ni uwanja wa majaribio ulio wazi, wenye pesa za kuchezea, ili kijana asijifunze kwa karo yake. La pili ni kujibiwa. Timu ikileta jedwali linaloonyesha kwamba Jumamosi usiku meseji za Kisii zilichelewa dakika tisa, ijibiwe na mhandisi mwenye jina, kwa maandishi, hata kama jibu ni kwamba kosa lilikuwa la mnara. Barua ya "tumepokea maoni yako" haitoshi.

Matokeo yao yakitoka, yafike pia kwa simu ya mulika mwizi. Ukurasa mzuri wenye grafu za rangi unamfaa mwandishi wa habari na mhadhiri. Mama wa Wakulima anahitaji mstari mmoja anaoweza kuusoma akiwa ameshika nyanya kwa mkono mwingine: kutuma, sawa, saa 11:40, meseji, zinachelewa, angalia salio.

Basi, kama uko mwaka wa tatu na unatafuta mradi wa mwakani, usingoje barua ya idara. Anza wiki hii kwa daftari la kawaida. Kila unapotuma ama kulipa, andika saa uliyobonyeza, saa ambayo salio lilibadilika, na saa meseji ilipofika, kisha andika ulikuwa mtaa gani. Ukifikisha mistari mia mbili, tuletee.